Xaveri kwenye Msaipresi wa Tano

"Katika kata nzima ya Kamuli, wanaoiona Rwanda kila siku bila kuonyesha kitambulisho ni wawili tu: kunguru, na mimi."

Maneno hayo Xaveri Bainomugisha aliyasema kwenye kipaza sauti, siku ya harusi ya binti wa mzee Atuhaire, mbele ya watu wasiopungua mia tatu, diwani mmoja na mapadri wawili. Mshereheshaji alimpa kipaza sauti ataje zawadi ya upande wa wajomba. Alichotaja kwanza ni yeye mwenyewe, na zawadi, ambayo ilikuwa godoro, ikasubiri mlangoni robo saa nzima. Akasema ngazi ni za wapaka rangi. Akasema kamba ni za mbuzi. Akasema yule fundi wa Isingiro, Nolasco, anayejifunga kiunoni kabla ya kupanda, anapanda kama mnyama anayepelekwa mnadani. Tulicheka mpaka vinywaji vikamwagika. Hakuna aliyebisha, kwa kuwa hapakuwa na la kubisha. Xaveri alikuwa anapanda kweli.

Huku kwetu ni migomba na kahawa, na mgomba haujawahi kumtisha mtu. Miti mirefu tuliyonayo ni ile iliyoletwa: misindano ya kwenye vilima na misaipresi ya kwenye makanisa, ile ambayo watoto huiita miti ya Krismasi hata mwezi wa sita. Xaveri aliianza kazi hiyo akiwa na miaka kumi na sita, alipotumwa na mwalimu mkuu kufunga waya wa redio juu ya msindano. Mwalimu alipata taarifa ya habari, na Xaveri akapata kazi ya maisha. Alikata vilele vilivyoinamia mabati ya watu. Alichuma vile vitunda vikavu vya msaipresi vyenye mbegu, akawauzia wenye vitalu. Alishusha mizinga ya nyuki, antena, tiara, na mara moja alimshusha paka wa paroko, ambaye alimkwaruza shavu na bado paroko akamshukuru paka. Alipanda pekupeku, panga nyuma ya mkanda. Kwa kazi hiyo aliezeka nyumba bati na kuwasomesha watoto wanne, ambao wa kwanza, Kembabazi, sasa ni muuguzi huko Biharamulo.

Kwa miaka thelathini na saba hakuanguka. Kisha akaanguka mita moja.

Sizidishi wala sipunguzi. Ilikuwa asubuhi ya kawaida, kwenye msaipresi wa kanisani, yuko peke yake. Tawi alilolikanyaga maisha yake yote lilikatika chini ya mguu wa kulia. Akashuka mita moja, tawi la chini likamdaka kwapani, akabaki ananing'inia kama koti. Hakupata hata mchubuko. Alijiinua, akakaa, akasubiri moyo urudi mahali pake. Moyo ulirudi. Kilichokataa kurudi ni kitu kingine ambacho hata leo hana jina lake. Alipotaka kunyoosha mguu kulifuata tawi linalofuata, mguu haukwenda. Aliuamuru, ukakaa palepale, unatetemeka kama wa mbuzi aliyezaliwa asubuhi hiyo. Alishuka kwa saa mbili, amelikumbatia shina, shavu limejaa utomvu, na alipofika chini alikuta mikono yake imefumba, haifumbuki.

Hakumwambia mtu. Angemwambia nani, na yale maneno ya kwenye kipaza sauti bado watu wanayatania kwenye vilabu?

Kuanzia hapo magoti ya Xaveri yakaanza kuugua kwa ratiba. Ukimwita Jumatatu, goti la kushoto. Ukimwita Alhamisi, la kulia. Mti ukiwa mfupi, kama wa parachichi, anakuja, anapanda hadi pale ambapo miguu yake bado inaweza kusalimiana na kichwa chako, anakata, anapokea chake. Mti ukiwa mrefu, ama mvua inakuja, ama mti umeoza, ama kuna nyuki ambao yeye tu ndiye anayewasikia. Mwaka na nusu ulipita hivyo. Bati moja la jikoni kwake liling'oka kwa upepo, likawa linapiga kelele kila mawingu yakipita, na Xaveri, mtu wa kunguru, akaweka jiwe kubwa kwenye ncha ya boriti ndefu na kulisukumia juu ya bati akiwa chini. Jiwe lilikaa wiki moja.

Mkewe, Auleria, aliangalia jiwe, akamwangalia yeye, akaendelea kumenya ndizi.

Ndipo alipokuja Salwa.

Salwa ni binti wa Othman, yule mwenye duka la vitambaa Kayanga, ambaye babu yake alitoka Pangani na kuleta huku mambo mawili, vitenge na Kiswahili kinachotufanya sisi wengine tujikague kabla ya kufungua mdomo. Anasomea wadudu, shahada ya pili. Alifika na pikipiki, kofia pana na begi la chupa, akamkuta Xaveri uani kwake, akapiga goti kidogo.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, binti yangu. Karibu ukae. Mti uko wapi?"

Hivyo ndivyo alivyozoea kuuliza, na mdomo ulitangulia kabla ya yeye kuukumbusha kwamba mambo yamebadilika.

Salwa akaeleza. Anamtafuta kipepeo. Si wale wakubwa wa kwenye kalenda. Huyu ni mdogo, mabawa yake yakifunuliwa yote hayafuniki kucha ya dole gumba. Juu ni kahawia, chini ni kijani, kwa hiyo akifunga mabawa anapotea mbele ya macho yako. Alisema jina lake la kisayansi, na Xaveri akasema linafanana na dawa ya minyoo. Kipepeo huyo, Salwa alivyodhani, zamani alitaga kwenye mipodo ya msitu wa mlimani. Mipodo ilipokwisha kwa misumeno, badala ya kufa kwa heshima, alihamia kwenye misaipresi ambayo ni ndugu wa mbali. Kiwavi wake amejipaka mistari myeupe akafanana na kijiti cha msaipresi, mpaka ndege wanamkanyaga bila kumwona. Lakini hatagi kokote tu. Jike hupenda ncha changa, zile za juu kabisa zinazopigwa na jua kuanzia asubuhi. Salwa alitaka ncha hizo zenye mayai, kutoka kwenye safu ya misaipresi tisa nyuma ya ghala la zamani la kahawa. Tena upesi, kwa kuwa msimu wa kutaga ulikuwa unaisha baada ya siku kumi na chuo hakingempa msimu mwingine.

Kila aliyemuuliza tangu Kayanga hadi Isingiro, alisema, alimtajia jina moja.

Hapo Xaveri angeweza kusema goti. Goti lilikuwa tayari, zamu yake ilikuwa imefika. Lakini Auleria alikuwa amesimama mlangoni na sahani ya karanga za mgeni, na yule binti alikuwa anamtazama kama watu wa harusini walivyomtazama. Akasema njoo kesho mchana, nitakuwa nimeshakuletea.

Asubuhi alienda ghalani. Alisimama chini ya msaipresi wa kwanza, akaweka kiganja kwenye gamba. Akatazama juu. Shina lilikwenda, likaenda, likawa dogo kama uzi, na mawingu yalipopita nyuma yake ikaonekana kana kwamba mti ndio unaoanguka, unamwangukia yeye. Akatapika uji wote. Kisha akafuta mdomo, akazunguka safu nzima akikata ncha za matawi ya chini, yale yanayofikiwa na mbuzi, akajaza mfuko. Salwa alipokuja alikabidhiwa mfuko wenye harufu nzuri na maelezo marefu kuhusu upepo wa huko juu.

Salwa alienda nazo Kayanga, akaziweka kwenye chupa kwenye rafu ya duka la baba yake, kati ya mashuka na vyandarua. Alizikagua kwa kioo cha kukuzia siku tatu. Hapakuwa na yai hata moja. Palikuwa na mavi ya mbuzi.

Mwingine angekuja na maneno makali. Salwa alirudi na heshima ileile, na heshima ile ndiyo iliyomtisha Xaveri kuliko ukali. Alisema labda wamekosea urefu. Akatoa kwenye begi uzi mrefu wa nailoni, umefungwa vitambaa vyekundu kila baada ya mita moja, na kitofali kidogo mwishoni. Akaomba safari hii waende wote. Baba akipanda aufunge uzi mkononi, na pale atakapokata ncha auachie uteremke, naye akiwa chini asome mita na kuandika. Aliandika kila kitu yule binti, hata saa na hali ya jua.

Xaveri aliutazama ule uzi. Alikuwa amedanganya mapadri, wenyeviti na wenye nyumba kwa mwaka na nusu, lakini hakuwa amewahi kukutana na uongo unaopimwa kwa vitambaa.

Usiku ule, kwa alivyosimulia Auleria baadaye, alilala amekunja ngumi.

Wakachagua msaipresi wa tano, ule wa katikati, kwa kuwa kilele chake kilikuwa na jua zaidi. Ilikuwa saa nane mchana, anga safi upande wetu, na weusi kidogo upande wa Rwanda. Salwa alikaa kwenye kanga yake chini ya mti na daftari. Xaveri alivua viatu. Alijifanya anakagua matawi, kumbe alikuwa anaomba. Kisha akaanza.

Mita tano za kwanza alizipanda kwa hasira. Mita tano za pili kwa mazoea, kwa kuwa mwili una akili yake na kwa kitambo ulisahau kuogopa. Alifika mita kumi na mbili akaanza hata kupiga mluzi, akasikia Salwa huko chini akicheka kwa furaha, na akadhani, masikini, kwamba imekwisha, kwamba kitu kile kilikuwa ugonjwa na sasa amepona. Akaona mabati ya Kamuli. Akaona barabara. Akafika mahali ambapo matawi yanakuwa membamba kama mkono wa mtoto na mti wote unaanza kwenda na kurudi taratibu. Vipepeo walikuwepo. Aliwaona wakizunguka kileleni, vidoa vya kahawia vinavyowaka na kuzimika. Akanyoosha mkono, akakata ncha moja, akaitia mfuko wa shati, akauachia uzi.

"Kumi na saba, baba," Salwa alisoma kutoka chini.

Laiti asingesema. Namba ile ilipanda kwenye shina, ikaingia kwa Xaveri kupitia nyayo. Akatazama chini kufuata uzi. Aliuona ukishuka, kitambaa, kitambaa, kitambaa, vikizidi kuwa vidogo, na mwishoni kabisa kofia ya Salwa, ndogo kama kifungo.

Mguu wa kushoto ulianza kutetemeka. Aliushika kwa mawazo. Ukakataa. Akakumbatia shina kwa mikono miwili na miguu miwili, akafumba macho, na alipofumba macho mti ukaanza kuyumba zaidi, akayafumbua, ikawa mbaya zaidi. Alisikia harufu ya utomvu, ile aliyoinusa maisha yake yote, na sasa ilimnukia kama jeneza jipya.

Salwa aliuliza kama kuna tatizo. Akasema anapumzika.

Baada ya nusu saa Salwa aliuliza tena. Bado anapumzika.

Baada ya saa nzima Salwa aliinuka, akakunja kanga. Weusi wa upande wa Rwanda ulikuwa umeshafika, matone ya kwanza yanadondoka, na misaipresi yote tisa ilikuwa imeanza ule mlio wake wa upepo, mlio ambao ukiwa kitandani unakulaza usingizi.

"Baba, nimwite nani?"

"Usimwite mtu," sauti ilitoka juu. "Tafadhali, binti yangu. Mtu yeyote."

Salwa ni mtoto wa mjini, na alidhani mzee anaona aibu ya kawaida, ya kuomba ngazi. Hakujua kwamba huku huwezi kumwita mtu mmoja. Ukiwa umebanwa na hatari unapiga nduru, ile ambayo wazee huita enduru, mlio mmoja mrefu kutoka tumboni, na kila anayeusikia ni lazima aache alichoshika akimbie, awe anakula, anaoga au anagombana na mkewe. Asiyekimbia anaitwa kwenye kikao kueleza alikuwa na shughuli gani na mwizi. Nduru haimleti jirani. Inaleta kitongoji. Xaveri alilijua hilo vizuri akiwa huko juu, na alikuwa anapima: akinyamaza ataanguka, akipiga nduru watakuja wote walioisikia ile habari ya kunguru.

Alinyamaza. Alinyamaza mpaka shina likalowa na magoti yakaanza kuteleza. Aliteleza kiasi cha kiganja kimoja tu. Lakini mwili wake ulikumbuka ile mita moja, na kabla hajaamua lolote, nduru ilikuwa imeshatoka.

Niliisikia nikiwa kwa fundi baiskeli. Nduru ya mwanamume mzima si kitu unachokisikia mara moja ukakisahau. Tulikimbia. Mwenyekiti wa kitongoji, Akankwasa, alikuja na mkuki wa babu yake ambao kwa kawaida unashikilia chandarua. Wengine walikuja na mapanga, mmoja na mwiko wa ugali. Auleria alitoka bondeni kwenye maharage, jembe begani. Tukafika ghalani watu kama arobaini, tukamkuta binti wa Othman analia, anaonyesha juu, hawezi kueleza. Tukatazama. Xaveri.

Sasa hapa ndipo tulipofanya ujinga ambao ni sisi tu tungeweza kuufanya. Hakuna hata mmoja wetu aliyefikiri kwamba Xaveri ana shida. Xaveri kuwa juu ya mti kwetu ni kama kuku kuwa uani. Kilichotuingia kichwani, sote kwa pamoja, ni kwamba akiwa huko juu kwenye kazi yake ameona jambo. Mwizi. Moto. Chui.

"Umeona nini?" Akankwasa aliuliza.

Xaveri alifungua mdomo, halikutoka neno. Taya zilikuwa zimekaza.

"Ni upande gani? Elekeza."

Hakuwa na mkono wa kuelekezea, mikono yote ilikuwa na kazi. Ila uso wake ulikuwa umegeukia kaskazini, kwa kuwa shavu la kusini lilikuwa limegandana na shina. Kwa hiyo tukatazama kaskazini. Na kaskazini, kwenye migomba, kuna mtu alikuwa anapita haraka na mkungu begani, kichwa amekifunika kwa mfuko wa mbolea.

Tuliingia kwenye ile migomba kama maji. Yule mtu aliona watu arobaini na mapanga wanamjia, akafanya ambacho hata wewe ungefanya: alitupa mkungu akakimbia. Na mtu anayekimbia akikimbizwa, nani atauliza zaidi? Walimfikia kwenye mfereji. Mmoja alimpiga fimbo ya mgongo. Akaanguka kifudifudi, mfuko bado uko kichwani, anasema kitu lakini mvua na kelele zimemmeza. Akankwasa akanyanyua mkuki. Nilikuwa karibu kiasi cha kuona kutu kwenye ncha yake, na niliogopa hata mimi, lakini miguu yangu iliendelea kwenda mbele na wenzangu.

Kutoka mita kumi na saba, Xaveri aliona yote. Aliona zaidi yetu, kwa kuwa ule mfuko wa mbolea aliuona kwa juu tangu mwanzo, ukitoka mlangoni mwa Hagenimana, ukiingia kwenye kibanja cha migomba cha Hagenimana, ukikata mkungu wa Hagenimana. Ni Hagenimana mwenyewe, jirani yetu wa miaka ishirini, aliyeenda kuchukua chakula cha jioni na kujikinga mvua. Nduru hakuisikia vizuri. Anasikia kwa sikio moja.

Xaveri alisimulia baadaye kwamba katika sekunde ile alitafuta njia nyingine. Alitafuta uongo. Alikuwa na mazoezi ya mwaka na nusu ya kupata uongo haraka. Hakuupata.

"Mwacheni," sauti ikaja, nyembamba, kama ya mtoto, na kila mtu aliisikia. "Hakuna mwizi. Nduru ni yangu. Naogopa. Siwezi kushuka."

Akankwasa aliteremsha mkuki. Mtu alimvua Hagenimana mfuko, akamfuta matope kwa mkono wake, hakuna aliyejua amwombe radhi kwa maneno gani. Kisha tukarudi chini ya mti polepole, tukasimama tunatazama juu na mvua inatuingia machoni. Hakuna aliyecheka. Mimi huwa nacheka misibani, na sikucheka.

Hapakuwa na wa kupanda. Mtu wetu wa kupanda alikuwa ndiye yuko juu. Akankwasa akampigia simu Nolasco wa Isingiro, yule wa mnadani, akasema anakuja, ana robo tatu ya saa kwa pikipiki kama barabara haijaharibika.

Robo tatu ya saa ni ndefu ukiwa umeshikilia uhai kwa magoti. Tuliona miguu ikiteleza, ikijishika, ikiteleza. Mwanamke mmoja alianza rozari na akaombwa aisali kimya. Ndipo Auleria alipoliweka jembe chini, akaenda akaegemea shina, akaweka mdomo karibu na gamba la mti kana kwamba anaongea na mtu aliye nyuma ya mlango.

"Baba Kembabazi," akasema, "nilijua tangu lile bati."

Huko juu mguu mmoja uliteleza, ukajishika tena.

"Nilijua siku ulipoweka jiwe. Nikasema atasema mwenyewe. Sasa umesema. Basi shika hapohapo, usifanye lolote, mimi nipo."

Kisha akaanza kumsimulia. Si mambo makubwa. Kwamba kuku mwekundu amelalia. Kwamba maharage ya bondeni yameanza kuoza kwa maji na itabidi wayang'oe kabla ya Jumapili. Kwamba Kembabazi amepiga simu akiulizia ile sweta. Alisema mambo hayo kwa sauti ileile ya kila siku, bila kupumzika, na tuliokuwa pale tulisimama tukiyasikiliza ya nyumbani kwa watu kama tuliolipia. Mara moja tu alikatiza kufuta mvua usoni. Akakohoa, akarudia habari ya kuku.

Nolasco alifika amelowa chapachapa. Alipanda na kamba zake mbili na ile mikanda, tawi kwa tawi, akijifunga, akijifungua, akijifunga. Alipofika kwa Xaveri alimwambia kitu sikioni ambacho hakuna kati yetu aliyekisikia, na mpaka leo wote wawili wamekataa kukisema. Alimfunga kiunoni na mapajani. Ilichukua muda mrefu kumfanya aachie shina, kwa kuwa ilibidi Nolasco aifumbue mikono yake kidole kimoja kimoja. Wakateremka pamoja, Xaveri amefumba macho njia nzima, na nyayo zake zilipogusa nyasi alikaa chini palepale, akainama, akalia mbele ya kata.

Salwa alimfunika kwa kanga yake. Ni Auleria aliyekumbuka mfuko wa shati. Alitoa ile ncha ya msaipresi, imepondeka kidogo, akampa. Salwa aliitazama kwa kioo chini ya mwavuli wa mtu, muda mrefu, midomo inahesabu. Akasema yapo manne. Mayai manne, madogo kuliko chembe ya chumvi, mita kumi na saba. Akaliandika hilo kwenye daftari, na wino ukachuruzika.

Mawili yalikufa. Moja lilitoa kiwavi aliyekula wiki moja akanyauka. La nne, baada ya wiki tano dukani, kati ya mashuka na vyandarua, lilimtoa kipepeo, na mzee Othman alifunga duka saa sita mchana siku ya gulio, jambo ambalo hajawahi kulifanya hata kwa homa, ili mtu asifungue mlango. Salwa alileta picha. Xaveri aliiangalia kwa heshima, akairudisha. Akasema huyo mdudu ana moyo.

Hapandi tena, na hasingizii tena goti. Ukimwendea kwa mti mrefu anakwambia, bila kutazama pembeni, kwamba anaogopa, nenda kwa Nolasco. Siku hizi anamchagulia Nolasco kazi, anasimama chini na kumwambia tawi lipi limeoza, na kati ya wote wanaojua miti hapa, anayejua tawi lililooza kwa kulitazama ni yeye. Ndotoni bado yuko juu. Auleria anasema anamshika shati mpaka ashuke.

Lakini siku ile haikuishia kwenye nyasi. Mvua ilipopungua, Akankwasa alikohoa, akasema kwa upole kwamba desturi ni desturi. Nduru imepigwa, watu wameacha kazi, wamekimbia, na hakuna mwizi wala chui. Katika hali hiyo aliyepiga nduru huwanywesha waliokuja. Akatuhesabu: arobaini na watatu, na wa kwanza kupewa ni Hagenimana, kwa ajili ya mgongo wake. Xaveri akiwa bado amekaa chini na kanga ya Salwa mabegani, akaitikia kwa kichwa. Ilibidi rubisi, pombe yetu ya ndizi, iagizwe, majerikeni matatu. Jerikeni moja la rubisi la lita ishirini, hapa Kamuli, ni shilingi elfu kumi na sita, na Xaveri aliyalipa yote matatu bila kusingizia goti.